Tairi lililokataliwa Maskati lisiwe zawadi ya Tanga

Kila mwaka ikifika Juni, mambo mawili hupandana katika nyumba zetu za Ghuba. La kwanza ni safari. Shule zinafungwa, Salala inaanza kupata manyunyu yake ya kharifu, na familia nzima inapangwa kwenye gari moja: baba, mama, watoto wanne, bibi kiti cha mbele kwa sababu ya miguu yake, na masanduku juu ya paa. La pili ni kontena. Wengi wetu wakati huu ndipo tunapofungasha mizigo ya kupeleka nyumbani, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam. Friji limo, magodoro yamo, baiskeli ya mtoto imo, na pembeni, yamepangwa moja juu ya jingine, matairi manne ya gari yaliyotumika.

Nataka kuyazungumza haya mawili pamoja kwa sababu yanaungana mahali ambapo wengi hatutazami. Katika nchi ya joto tairi haliishi kwa meno yake. Linaishi kwa umri wake. Anayelikagua kwa kutazama meno peke yake ametazama nusu tu. Na tairi ambalo tumeliogopa sisi wenyewe katika barabara ya Salala halipati ujana kwa kuvuka bahari.

Nimesomesha fizikia na hesabu miaka mingi katika sekondari ya misheni kule Tanga, mimi na kofia yangu ya viua katikati ya masista na mapadri, na tukaishi vizuri. Kwa hiyo mtanisamehe nikianza na darasa kidogo kabla ya kufika kwenye sheria na kwenye kontena.

Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna tabaka za nyuzi, juu yake mikanda ya nyaya nyembamba za chuma, halafu mpira umevishwa na kupikwa vyote vikashikamana. Nguvu ya tairi iko katika kule kushikamana. Sasa hewa iliyomo ndani ina oksijeni, na oksijeni hiyo kidogo kidogo hupenya kwenye mpira na kuufanya uwe mkavu, mgumu, usio na mvuto. Ni kama ukanda wa mpira ulioachwa dirishani: ukiuona uko sawa, ukiuvuta unakatika. Joto huharakisha kazi hiyo. Tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi kanuni ya kukadiria kwamba mabadiliko mengi ya kikemia huenda mbio mara mbili kila joto likiongezeka nyuzi 10. Si kanuni ya kuapia, lakini inakupa picha. Mwaka mmoja wa tairi Maskati si mwaka mmoja wa tairi Manchester.

Na joto la huku, wallahi, si la kuhadithiwa. Tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Maskati, joto la chini kabisa usiku na mchana lilikuwa nyuzi 42.6. Nasema la chini kabisa. Alfajiri, saa ambayo mtu hutoka nje kupata hewa, ilikuwa nyuzi 42. Dunia nzima iliandika habari ile. Nawakumbusha kwa sababu najua wazee wengi wanaosema: "Sisi tunasafiri usiku, tairi linapoa." Ni kweli usiku ni nafuu, jua halipo. Lakini kuna usiku wa Ghuba ambao haupoi, na lami iliyochomwa mchana kutwa hairudi kuwa baridi kwa sababu tu jua limezama.

Ghuba imo katika historia ya jambo hili zaidi kuliko watu wanavyojua. Mwaka 2000 Marekani ilitikisika kwa kesi ya matairi ya Firestone yaliyokuwa yakifungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Tabaka la juu lilikuwa likichanika na kutoka gari likiwa kwenye mwendo, gari linapinduka. Tarehe 9 Agosti 2000 ilitangazwa kurudishwa kwa matairi kama milioni 6.5, na baadaye serikali ya Marekani ikahusisha vifo 271 na matairi yale. Lakini mwaka mmoja kabla, 1999, Ford ilikuwa imeshaanza kuyabadilisha matairi ya namna hiyo huku kwetu, Saudia na nchi jirani za Ghuba. Dalili ilionekana hapa kwanza. Joto, mwendo wa kasi wa masafa marefu, mzigo mzito, na upepo mdogo ndani ya tairi: vitu vinne hivyo vikikutana, tairi husema ukweli wake mapema. Hebu mtu aniambie safari ya Salala ya familia yenye watu saba inakosa kipi kati ya hivyo vinne.

Ushahidi wa pili nao umetoka Marekani. NHTSA, idara yao inayosimamia usalama wa magari barabarani, iliripoti takwimu za kampuni moja kubwa ya bima. Wateja wa majimbo matano ya joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, walikuwa asilimia 27 tu ya wateja wote. Lakini madai yaliyohusu matairi yaliyotoka majimbo hayo yalikuwa asilimia 77. Na katika madai hayo ya majimbo ya joto, asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyozidi miaka 6. Wasomaji wetu mlioko Houston na Phoenix, hesabu hiyo ni yenu pia.

Ndiyo maana nchi za Ghuba zikaacha kutazama meno tu. Imarati wanafuata kiwango cha miaka 5 tangu tairi litengenezwe, na kanuni zao za barabarani za 2017 zimeweka wazi adhabu ya anayeendesha gari lenye matairi yaliyokwisha muda: faini ya dirham 500, alama nyeusi 4, na gari kuzuiliwa siku 7. Wapo wanaonung'unika kuwa hiyo ni njama ya wenye maduka ya matairi. Mimi sinung'uniki. Ukipiga hesabu ya joto na kasi ya barabara zao, miaka 5 si ukali. Watengenezaji wa magari kadhaa wanashauri matairi yabadilishwe yakifika miaka 6 hata kama meno yapo, na hao hawakuwa wakifikiria jua la Dubai peke yake.

Tazama na Uingereza, nchi ya mvua na baridi, ambako matairi huzeeka polepole. Gari binafsi kule halina kikomo cha umri wa tairi mpaka leo. Sheria inataka meno yasipungue milimita 1.6 katika robo tatu ya katikati ya upana wa tairi, kuzunguka lote, na ukikamatwa faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 kwa kila tairi bovu. Nasema kwa kila tairi, kwa hiyo gari moja lenye vipara vinne linaweza kumaliza leseni ya mtu. Lakini kwa mabasi na malori walilazimika kubadilika. Septemba 2012 basi lililokuwa likiwarudisha vijana Liverpool kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilitoka barabarani huko Surrey, watu 3 wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, na sheria ya wakati ule haikulikataza. Mama wa kijana mmoja aliyekufa alipigania jambo hilo kwa miaka, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 matairi yaliyozidi miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu ya mojamoja ya mabasi madogo. Mama mmoja na msiba wake alihitaji zaidi ya miaka 8 kuifundisha serikali kusoma tarehe iliyoandikwa kwenye tairi.

Sasa tarehe hiyo iko wapi? Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, halafu msururu wa herufi na namba, na mwisho wake tarakimu 4 ndani ya kiduara kilichorefuka kama yai. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu 3 tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, lipelekeni makumbusho. Kuna jambo moja linawapoteza watu wengi. Msururu kamili mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, na fundi akilifunga tairi ubavu huo ukaelekea ndani, wewe uliyesimama nje unaona DOT bila tarehe. Hapo itakubidi uinamie chini ya gari na tochi ya simu, au mtume mjukuu. Wajukuu wanapenda kazi hiyo.

Jirani yangu hapa Seeb alinunua matairi manne "mapya" kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Yalikuwa mapya kweli, hayajawahi kugusa lami, yana vile vinywele vyake vya mpira. Tarehe ilisema yametengenezwa miaka mitatu na nusu nyuma. Yalikaa wapi miaka yote hiyo, kwenye ghala lenye ubaridi au chini ya bati la moto, hakuna ajuaye. Aliporudi kulalamika akaambiwa tairi ambalo halijatembea halizeeki. Uongo. Linazeeka pole pole kuliko linalotembea, lakini linazeeka. Mimi ningemshauri mtu yeyote asilipie tairi lililozidi miaka 2 tangu kutengenezwa, na atazame tarehe kabla banshari hajalivua lile la zamani, maana likishavuliwa na mkewe na watoto wamekaa kwenye kiti cha plastiki wanangoja, mtu hukubali chochote.

Na spea je? Spea iliyolala chini ya buti miaka 8 imepikwa na joto la buti miaka 8. Watu huikumbuka siku ya pancha tu, katikati ya Haima na Thumrait, ambako hakuna mti wa kuegemea.

Nirudi kwenye upepo, maana hapa ndipo naona makosa ya kila siku. Vijana wetu wakifika sheli katikati ya safari hupima upepo tairi likiwa la moto, wanaona namba imepanda, wanasema "limejaa sana, nalitoa kidogo lisipasuke." Tupige hesabu, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Tairi limejazwa alfajiri paundi 35, joto lake nyuzi 25. Baada ya mwendo wa saa mbili hewa ya ndani imefika nyuzi 65. Kipimo kitasoma kama paundi 41 au 42. Hilo si kosa, ndivyo ilivyokusudiwa. Aliyeandika namba kwenye kibandiko cha mlango wa dereva aliandika namba ya tairi la baridi. Sasa kijana anatoa upepo mpaka kipimo kirudi 35 tairi likiwa la moto. Likipoa, limebaki na paundi 29. Kesho yake anaondoka na tairi lenye upepo pungufu kwa asilimia 17. Ubavu wa tairi pungufu hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Kwa hiyo aliyekuwa anaogopa joto amelialika nyumbani.

Taa ya onyo kwenye dashibodi haitamsaidia. Magari mengi ya kisasa yana kifaa cha kupima upepo wa tairi. Marekani ilikifanya lazima kwa magari yote madogo mapya kuanzia Septemba 2007, ni matunda ya sheria iliyopitishwa baada ya ile kesi ya Firestone. Lakini kanuni yao inadai taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Yule aliyepungukiwa asilimia 17 anaweza kufika Salala na kurudi taa haijawaka. Na taa hiyo haijui umri wa tairi. Haijui kitu kuhusu nyufa.

Pimeni asubuhi, kabla gari halijatembea, au likiwa limepumzika angalau saa tatu. Fuateni kibandiko cha mlangoni, si namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, ile ni kikomo cha juu. Vibandiko vingi vina safu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa watu na mizigo. Safari ya kharifu ni safu ya pili. Mkiambiwa mlipie naitrojeni, amueni wenyewe, lakini jueni kuwa hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Anayelipia naitrojeni halafu asipime upepo miezi sita amelipia jina.

Meno nayo husoma kama kitabu kwa anayejua kusoma. Yakilika pembe zote mbili, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Yakilika katikati, upepo umezidi. Upande mmoja tu, magurudumu hayajapangwa sawa, kaone fundi wa alaimenti kabla ya kununua tairi jipya, la sivyo jipya nalo litalika hivyo hivyo. Yakiwa na mabonde mabonde, shokapu zimekwisha. Uvimbe ubavuni, hata ukiwa mdogo kama tende, maana yake nyuzi za ndani zimekatika na hakuna fundi wa kuziunga. Nyufa nyembamba ndani ya mifereji ni uzee. Na usukani ukianza kutetemeka katika mwendo ambao jana haukutetemeka, simama pembeni ukatazame, usiongeze sauti ya redio.

Nimefika sasa kwenye kontena, na hapa najua nitawaudhi baadhi.

Sheria ya miaka 5 ina upande wake wa nyuma. Inazalisha kila siku matairi ambayo meno yake bado ni mazuri. Gari la mtu anayekaa Dubai na kwenda kazini kilomita 20 linaweza kufika miaka 5 na meno nusu. Linavuliwa, linawekwa pembeni, na tairi lenye meno nusu ni mali. Nenda maeneo ya viwanda ya Sharjah, nenda Wadi Kabir hapa Maskati, utaona yamepangwa mpaka darini, yamepakwa dawa ya kung'arisha yakawa meusi kama kiatu cha bwana harusi. Dawa ile hufunika nyufa. Wengine huchonga mifereji upya kwa kisu cha moto kwenye tairi la gari dogo, wakala mpira mpaka karibu na waya. Mnunuzi hayuko huku. Mnunuzi yuko upande wa pili wa bahari, na sisi, kwa mapenzi kabisa, tumejiunga na biashara hiyo bila kulipwa.

Mpwa wangu kule Tanga ana Noah. Asubuhi inachukua watoto wa shule, mchana inakwenda Muheza. Aliniandikia: "Mjomba, nasikia huko matairi mazuri yanatupwa. Niwekee manne kwenye kontena la kina Bi Zuhura." Kijana mwenye adabu, anajitafutia, na anasema kweli: huku yanatupwa. Nilimjibu aniambie kwanza huwa anapakia watoto wangapi. Akasema kumi na moja, wakati mwingine kumi na tatu.

Nimesikia hoja za upande wa pili na si hoja za kupuuza. Ndugu zetu wanatembelea vipara vinavyoonyesha waya. Tairi la miaka 6 lenye meno si bora kuliko kipara? Na mwendo wa kule ni mdogo, hakuna kilomita 120 kwa saa kama huku. Kwa bajaji inayozunguka Ng'ambo na kurudi, nakubali, hatari ni ndogo. Lakini tairi halikai pale ulipolipeleka. Binamu analiuza kwa dereva wa teksi, teksi inaliuza kwa mwenye basi dogo la Dar, na barabara ya Segera hadi Chalinze si ya kilomita 40 kwa saa, mwaulize yeyote aliyepanda. Kila mkono linapopita umri wake unasahaulika, meno yanabaki kuwa ushahidi pekee.

Halafu kuna mvua, na hili ndilo ninaloona hatulifikirii kabisa. Meno ya tairi kazi yake kubwa ni kufukuza maji. Kwenye lami kavu hata tairi lenye meno kidogo hushika barabara. Mtu anaweza kukaa Maskati miezi minane asijue kuwa tairi lake haliwezi maji, kwa sababu hakuna maji. Tulikumbushwa tarehe 16 Aprili 2024, pale Imarati walipopata zaidi ya milimita 250 katika sehemu moja ya Al Ain ndani ya siku moja, barabara kuu za Dubai zikawa mito. Kwetu huku hiyo ni ajabu ya kuandikwa. Tanga, Unguja, Mombasa, masika huja kila mwaka bila kuandikwa. Kwa hiyo tunachukua tairi lililokuwa likifanya kazi kwenye ukavu, lenye mpira uliokauka na kuwa mgumu, tunalipeleka kwenye lami yenye maji ya masika, lifungwe chini ya gari la watoto wa shule. Mpira mgumu hauushiki utelezi. Hata meno yakiwepo.

Sitaki niseme tufunge mikono. Gharama ya nafasi ya kontena kwa matairi manne ya zamani, ongeza ulichomlipa banshari, ongeza usumbufu wa forodha kule, mara nyingi imekaribia bei ya matairi mawili mapya yaliyonunuliwa palepale Tanga au Mombasa, ukiwa na risiti na tarehe unayoisoma. Mawili mapya ni bora kuliko manne ya kubahatisha. Na yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi watabisha, watataka yawe mbele. Lakini watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri yaliyo bora yakae nyuma, kwa sababu gari likiteleza mbele dereva huhisi kwenye usukani na akapunguza mwendo. Likiteleza nyuma linageuka lenyewe kabla hajajua, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Anayeshikilia kupeleka yaliyotumika, basi aweke sharti lake: tarehe ipigwe picha kabla ya kontena kufungwa, na lililopita miaka 5 libaki huku. Ni swali ambalo viongozi wa jumuiya zetu wanaokusanya mizigo ya pamoja wangeweza kulifanya kanuni, kama wanavyokagua mitungi ya gesi na betri. Wao ndio wanaofunga milango ya kontena. Serikali za kule bandarini zina kazi nyingi, na mkaguzi mmoja mwenye tochi hawezi kuinamia kila tairi lililofichwa nyuma ya friji.

Mpwa wangu nilimtumia fedha ya mawili. Hakufurahi sana, alitaka manne, na mwezi huu ananitumia salamu fupi fupi. Ya gari la mwanangu, yaliyofikisha miaka 6 mwezi wa Machi, tuliyapeleka kwa banshari wa Ghala, na kabla hayajabebwa nikamwomba kijana wa kazi ayakate mbavu zote manne kwa kisu ili yasiuzwe tena. Alinitazama kama mzee aliyepigwa na jua, akauliza mara mbili kama nina hakika. Akaenda kumwita mwenye duka. Mwenye duka naye akasema meno bado yapo, angeweza kunipa chochote kidogo. Nikamwonyesha tarehe. Akachukua kisu mwenyewe.